Motokari kuukuu na magurudumu makubwa



Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari mjini Lubumbashi alinunua motokari kuukuu, Toyota Corolla ya zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1987 na mwaka 1992. Kama nyingi za ndugu zake, ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi mikononi mwa wengine kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Rangi yake ilikuwa imechujuka, lakini injini ilikuwa nzima, na jamaa yote ikafurahi. Padri akaibariki, na medali ya Mtakatifu Kristofa ikatundikwa chini ya kioo.

Shida ilianza pamoja na mvua. Njia iendayo nyumbani kwa mwalimu haina lami. Mwezi wa Novemba malori huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki mgongo wa udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Kila jioni tumbo la motokari lilikwaruzwa na mgongo ule, na siku moja jiwe likang'oa bomba la moshi. Ndipo mwalimu alipofikiri kuivika magurudumu makubwa zaidi, ipate kusimama juu kama mtu mfupi avaapo viatu vyenye visigino.

Sokoni alionyeshwa mipira minne yenye kipimo cha 185/70R14, pamoja na janti zake. Muuzaji alisema itaingia bila shaka. Fedha zilizokuwamo sandukuni zilikuwa ada ya shule ya watoto wake wawili. Mkewe aliuliza neno moja tu: « Baba watoto, fundi amepima? » Hakuna aliyepima. Mipira ikanunuliwa, ikafungwa siku ile ile, na kweli motokari ilipendeza macho. Mwalimu akaizungusha uani, akiwa peke yake ndani, wala hakusikia kitu.

Jumapili iliyofuata waliondoka watu sita kwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu yao, upande wa Likasi. Kwenye lami yote yalikuwa mema. Walipoacha barabara kuu na kushika njia ya kijijini, kila walipoingia katika shimo waliisikia sauti ya kukwaruza, kama mtu anayepasua nguo. Kisha harufu ya mpira uliounguzwa ikaingia ndani. Mwalimu akasimama, akashuka, akapiga magoti matopeni. Ubavu wa ndani wa gurudumu la mbele ulikuwa umelika hata nyuzi zake zikaonekana. Karibu nao, lile bomba la mpira lipelekalo mafuta ya breki lilikuwa limesuguliwa, linang'aa kama kiatu kilichopakwa dawa.

Tuliyasikia hayo kinywani mwake mwenyewe, naye ametupa ruhusa ya kuyaandika, mradi jina lake lisitajwe. Na kwa kuwa vijana wengi, hata wababa wenye akili, wanatamani kuzivika motokari zao viatu vikubwa, tumeona vema kueleza juma hili mambo yanavyokwenda.

Kwanza tujifunze kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira. Corolla ile, kama nyingi za aina yake, ilikuwa na mipira ya 175/70R13. Tarakimu 175 ni upana wa mpira kwa milimita. Tarakimu 70 ni urefu wa ubavu wake, tangu janti hata mahali pakanyagapo. Nao hauhesabiwi kwa milimita, bali kwa sehemu ya mia ya ule upana. Basi ubavu ni 70 katika mia ya 175, yaani milimita 122,5. Tarakimu 13 ni kipenyo cha janti kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25,4. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani hupita moja kwa moja toka ukingo hata ukingo wa pili. Ni ufundi ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliuandikisha mwaka 1946, na leo karibu motokari zote ndogo hutumia mipira ya namna hiyo.

Tuhesabu sasa. Ubavu wa juu na ubavu wa chini pamoja ni milimita 245. Janti ya inchi 13 ni milimita 330,2. Jumla yake, gurudumu zima lina kipenyo cha milimita 575,2. Na ile mipira ya sokoni? Ubavu wake ni 70 katika mia ya 185, yaani 129,5. Mara mbili ni 259. Janti ya inchi 14 ni 355,6. Jumla milimita 614,6. Gurudumu limeongezeka karibu milimita 40.

Mwalimu alidhani kwamba motokari yake imepanda kwa milimita 40. Sivyo. Motokari hukaa juu ya ekseli, na ekseli iko katikati ya gurudumu. Basi imepanda kwa nusu tu, yaani milimita 20, ambazo ni upana wa kidole gumba. Nusu ya pili imekwenda juu, ndani ya tundu la gurudumu, kwenda kutafuta bati na springi. Tena haikuishia juu tu: gurudumu limesogea milimita 20 mbele na milimita 20 nyuma pia, na upana wake umezidi. Hiyo ndiyo bei ya kidole gumba kimoja.

(Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wahesabu wenyewe kipenyo cha 185/65R14. Jibu liko mwisho.)

Kuna tena jambo ambalo mwalimu hakulitia moyoni. Gurudumu likizidi kwa kipenyo, kila mzunguko wake hula njia ndefu zaidi, lakini saa ya mwendo haijui. Kwa magurudumu yale, saa ikionyesha kilometa 80, mwendo wa kweli ni kilometa 85 na zaidi. Na injini sharti ivute kwa nguvu zaidi mlimani, na breki zishike kwa nguvu zaidi bondeni, kwa maana gurudumu kubwa ni kama mti mrefu mkononi mwa mtu anayetaka kuuzuia. Mafundi wengi hushauri kipenyo kisipite 3 katika mia ya kile cha kwanza. Mwalimu alikuwa amekaribia 7.

Lakini tusidhani kwamba kipenyo peke yake ndicho kinachosababisha kusuguana. Motokari mbili zaweza kuwa na mipira ya kipimo kimoja, moja ikasugua na nyingine isisugue, kwa sababu ya janti. Mtazame mtu aliyevaa kofia: aweza kuisukuma mbele au nyuma, na kofia ni ile ile. Vivyo hivyo, sahani ya janti, ile inayobanwa na nati, yaweza kuwa karibu na upande wa nje au karibu na upande wa ndani. Kipimo chake huandikwa juu ya janti nyingi kwa herufi ET na tarakimu, kwa milimita. Tarakimu ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani kuelekea springi. Ikiwa ndogo, hutoka nje kuelekea ukingo wa bati. Janti ya ET 45 ikibadilishwa na nyingine ya upana ule ule yenye ET 25, gurudumu hutoka nje milimita 20. Tena janti ikizidi inchi moja kwa upana, huongezeka milimita 12,7 ndani na kiasi hicho hicho nje, hata ET isipobadilika. Mnunuzi asiyeuliza ET amenunua nusu ya habari.

Wengine, wakiona gurudumu linagusa ndani, hutia kipande cha chuma nyuma ya janti ili kulisukuma nje. Sisi hatuvipendi vipande hivyo. Nati hushika mizunguko michache kuliko iliyokusudiwa, na vyuma vya gurudumu hupata mzigo ambao havikutengenezewa. Tumeona watu wakienda navyo miaka mingi, ni kweli. Lakini atakayewapakia watoto wa wenzake asitumainie bahati.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu, maana jambo lililo kubwa kuliko yote hatujalisema.

Kesho yake alikwenda kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Fundi hakutazama mipira hata kidogo. Alichukua utepe wa kupimia, akapima toka katikati ya kila gurudumu hata ukingo wa bati lililo juu yake, pande zote nne. Upande wa kuume, nyuma, alipata kipimo kimoja. Upande wa kushoto, nyuma, kilipungua kwa sentimita tatu nzima. Akatia chuma kirefu chini ya mkono wa gurudumu la mbele, akasukuma; gurudumu zima likarudi nyuma, kwa sababu vile vipira vinavyoushika mkono ule vilikuwa vimepasuka kwa uzee. Akasema: « Mwalimu, motokari yako si fupi. Imechoka. »

Hapo ndipo penye siri ya motokari kuukuu. Ilipotoka kiwandani, kati ya mpira na bati palikuwa na nafasi iliyopimwa. Miaka thelathini ya mashimo na mizigo imezishusha springi. Amortiseri hazitulizi tena mrusho. Vipira vya mikono vimelegea, na dereva akikanyaga breki gurudumu husogea mahali pasipo pake. Nafasi ile imekwisha kuliwa. Kijana husoma mahali fulani kwamba Corolla kama yake huko Ulaya imevikwa magurudumu ya inchi 15 bila kusugua, akafanya vile vile, na yake inasugua. Si uongo, bali ile ya Ulaya ina springi nzima.

Kwa hiyo mwalimu angeweza kupata sentimita tatu upande ule kwa kubadili springi tu, na hizo zinapita zile mbili alizozinunua kwa ada ya watoto. Tena bila kusugua kitu, bila kuidanganya saa ya mwendo, na breki zikabaki na nguvu zake. Springi hubadilishwa mbili mbili, za ekseli moja pamoja, la sivyo motokari itainama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Na vile vipande vya mpira vinavyopachikwa kati ya mizunguko ya springi iliyochoka? Huinua kwa muda, lakini huibana springi mahali pamoja, nayo huweza kukatika hapo. Springi ni chuma kilichofundishwa kupinda chote, usikikataze sehemu.

Je, mtu akiisha kuirudishia motokari miguu yake, aweza kuipa magurudumu makubwa kidogo? Aweza, kama akipima kabla ya kununua. Fundi yule mzee alituonyesha namna yake, nasi tunaiandika kama alivyoifanya.

Usinunue manne, azima moja. Muuzaji mwema atakubali ukimwachia rehani. Tazama kwanza kama matundu yanaafikiana: Corolla zile zina nati nne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Angalia pia nati zenyewe, kwa maana janti za aluminiamu mara nyingi hazishikwi na nati za janti za chuma. Nati yenye kichwa cha mviringo wa pia katika tundu bapa italegea njiani. Zuia magurudumu yanayobaki kwa mawe, inua kwa jeki mahali pagumu, wala usiingize kichwa chini ya motokari iliyoshikwa na jeki peke yake. Funga lile gurudumu la kuazima mbele.

Koroga chokaa kwa maji, upake mpira wote, kifua na mbavu zote mbili, uache ukauke. Shusha motokari. Zungusha usukani hata mwisho kushoto, kisha hata mwisho kulia. Baada ya hayo wapakie watu au magunia, mzigo ule ule mnaouchukua siku ya safari kubwa. Kosa la mwalimu lilikuwa hapa: alijaribu motokari tupu, nayo motokari tupu husema uongo. Kisha pandisha gurudumu lile polepole juu ya gogo lililolazwa, lenye kimo cha sentimita kumi na tano hivi, ili springi ibanwe sana, na hapo uzungushe usukani tena pande zote mbili. Watu wakae mbali na gogo.

Shuka utazame chokaa. Palipofutika ndipo palipogusa, na juu ya bati au chuma utaikuta alama nyeupe itakayokuonyesha adui. Angalia hasa mahali panne: ukingo wa bati upande wa nje, nguzo ya amortiseri na sahani ya springi upande wa ndani, kona ya chini nyuma ya gurudumu, karibu na mlango, na bomba la breki. Hata pasipogusa, kidole chako kipite bila kubanwa kati ya mpira na nguzo, kwa maana gurudumu likienda mbio hutanuka na kuyumba kidogo. Halafu lihamishe nyuma, ufanye tena.

Kama panapogusa ni kile kitambaa cha plastiki kinachozuia matope, chaweza kukatwa kidogo au kufungwa upya, na shauri limekwisha. Kama ni ukingo wa bati, mafundi huupasha moto kidogo na kuukunja kwa ndani kidogo kidogo. Lakini katika motokari kuukuu tazama kwanza kama pana kutu, maana bati lililoliwa halikunjiki, hupasuka, na rangi ikipasuka maji huingia. Kama ni nguzo ya amortiseri, au sahani ya springi, au bomba la breki, usikate wala usikunje kitu. Rudisha gurudumu kwa mwenyewe, umshukuru, utafute dogo zaidi. Medali ya Mtakatifu Kristofa haikutundikwa pale ili dereva asitazame breki zake.

Wengine watauliza juu ya zile janti kubwa zenye mipira myembamba zinazopendwa na vijana wa mjini. Kwa hesabu hazina kosa: 195/50R15 ina kipenyo cha milimita 576, karibu sawasawa na ile 175/70R13 ya mwanzo, na janti ikiwa na ET inayofaa haisugui. Lakini ubavu wake umebaki milimita 97,5 tu. Ubavu ndio mto unaopokea shimo kabla ya janti. Huko penye lami nzuri haidhuru; kwetu, shimo la kwanza la masika litaipinda janti, na la pili litaupasua mpira. Kwa njia za udongo twauona mpira mnene juu ya janti ndogo kuwa bora, hata kama haupendezi macho ya wapitaji.

Neno la mwisho juu ya mipira iliyotumika, kwa kuwa wengi wetu hununua hiyo. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani waweza kuwa na meno marefu na hali umekauka ndani. Tazama pia uwezo wake wa kuchukua mzigo: tarakimu 82 ni kilo 475 kwa gurudumu moja, 88 ni kilo 560. Usichukue ulio chini ya ule wa kwanza. Na ukiisha kufunga magurudumu, kaza nati tena baada ya kilometa hamsini au mia.

Mwalimu aliirudisha ile mipira sokoni, lakini ule mmoja uliolika ulikataliwa, na mitatu ikanunuliwa kwa bei ya huruma. Kwa fedha iliyopatikana alinunua springi mbili za nyuma, vipira vya mikono na bomba jipya la breki, akarudisha mipira yake ya 175/70R13. Mtoto wake wa pili alikaa nyumbani majuma mawili akingoja ada. Motokari sasa hupita juu ya ule mgongo wa udongo bila kuugusa, isipokuwa siku wanapopanda watu sita. Siku hizo, mwalimu asema, yeye na mtoto mkubwa hushuka na kupita pale kwa miguu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza juu ya maji ya radiata, maana barua tatu zimetufikia juu ya jambo hilo.

Jibu la wanafunzi: milimita 596,1, yaani 20,9 zaidi ya gurudumu la kwanza.